Sahani ya Ijumaa ya Mama Sudi

Kindu, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi, Mama Ramla,

Pokea salamu nyingi za mwanao Émilienne, zitokazo moyoni na hata miguuni, maana miguu ndiyo iliyochoka zaidi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, presha imetulia, na unameza dawa zako bila kumsubiri Nathalie akufuate na kikombe cha maji. Baba hajambo? Bado anagombana na mbuzi wa jirani? Mimi sijambo, nimekonda kidogo tu.

Najua umeshaona mji nilioandika pale juu. Ndiyo, Mama, ni Kindu. Siku naondoka Kalemie ulinishika mkono ukaniambia nizunguke Kongo nzima nikipenda, nisuke nywele za wanawake wote wa nchi hii kulipia safari, lakini Kindu nipite bila kukanyaga, na jina lako nisilitaje huko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu bado zima, ila nina jambo kubwa la kukuambia. Keti kwanza. Na usirukie mwisho, nakujua.

Sikuja kwa ukaidi. Reli inaishia hapa, na gari la kwenda Lubutu, ambalo lingenisogeza kuelekea Kisangani, lilikuwa bado linangoja mzigo. Nikaona heri nitazame mji kuliko kukaa chumbani nikihesabu nyufa za dari. Ijumaa asubuhi nikachukua mtu wa moto, yaani dereva wa pikipiki, jina lake Sudi, baba wa watoto watatu, mdomo haufungi hata pikipiki ikipita kwenye mashimo.

Alinionyesha kituo na mabehewa ya zamani yaliyoota majani mpaka madirishani. Alinipeleka mtaa wa Mikelenge, ambako baiskeli zinasukumwa zikiwa na magunia ya mpunga na mwenye baiskeli haonekani. Kisha tukasimama mbele ya msikiti mdogo, akajigamba kwamba babu za babu zake walifika na misafara ya biashara kutoka pwani, na kwamba Kiswahili chake angeweza kukipeleka Unguja bila kuchekwa. Nikamwambia kwamba chake sawa, ila cha pikipiki yake kina kikohozi. Tulicheka sana. Mji huu ni mzuri, Mama, hukuwahi kuniambia hivyo.

Halafu akanipeleka mtoni, akasema kwamba mwaka wa tisini na nane, vita vilipoingia, watu walivuka hapo huku risasi zinalia. Nilikuwa nakuona wewe, msichana wa miaka kumi na saba katika mtumbwi wa majirani, na mtumbwi wa nyumbani kwenu mbele yako ukipinduka. Ulinisimulia mara moja tu. Ulisema ulitembea mpaka ziwani bila kugeuka, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumrudia. Nikanawa uso kwa maji yale, nikawaombea Babu na Bibi wapumzike.

Adhuhuri Sudi alirudi kutoka sala akaniambia twende kwa mama yake kula. Nikakataa, nikidhani ni yale mambo ya wanaume. Akacheka, akaeleza kwamba kila Ijumaa mama yake anapika wali na samaki, na humtuma kituoni au bandarini amtafute msafiri, mtu yeyote asiye wa Kindu. Msafiri ndiye anayekula sahani ya kwanza. Kabla hajala, hakuna wa nyumba ile anayegusa chungu. Sudi amewahi kuleta askari, amewahi kuleta padri, na siku moja alileta mlevi aliyelala hapohapo mpaka Jumamosi. Akasema dada yake alipotea katika vita, hana kaburi, basi mtoto wa wengine anakula mahali pake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, na sisi huku tuna njaa, panda. Nikapanda.

Mama yake nilimkuta ameketi mkekani. Miguu imemkatalia, lakini macho yake ni makali kuliko yangu. Aliniuliza jina, likamshinda, akaniita Emilia. Akasogeza sahani, akasema: “Kula, mutoto. Hii njo sahani ya muntu wa njia.”

Nikanawa. Nikachukua tonge la kwanza nikaliweka pembeni mwa sahani, kama tunavyofanya nyumbani kila siku kwa ajili ya aliye bado njiani. Sikufikiri, Mama. Mkono ulikwenda wenyewe.

Yule mama akanikamata kiganja. “Nani alikufundisha ile?” Nikasema mama yangu. Akasema hiyo ilikuwa desturi ya marehemu mume wake, hajaiona katika nyumba nyingine yoyote. Akaniuliza mama yangu anaitwa nani.

Niliogopa. Kama siye niliyeanza kumdhania, ningekuwa nachokonoa kidonda cha mtu mzee. Kama ndiye, angeweza kunifia pale pale mkekani. Nikasema: Ramla, binti Djamali.

Mama, Bibi yuko hai. Mama yako Riziki yuko hai, na huyu Sudi mwenye maneno mengi ndiye mdogo wako uliyekuwa ukimbeba mgongoni. Mvuvi mmoja aliwaopoa chini zaidi, kwenye matete. Babu hakuonekana tena, hilo ni kweli. Baadaye wakaambiwa kwamba mtumbwi wa majirani ulipigwa risasi ukazama na wote waliokuwamo. Walikusomea hitima. Sadaka niliyoila Ijumaa ilikuwa ya marehemu, na marehemu ni wewe unayesoma barua hii.

Sudi alitoka nje, akawasha pikipiki, akaizima, akaiwasha tena, haendi popote. Mimi nililia mpaka wali haukupita. Bibi hakulia. Aliuliza kama uko mzima, nikasema ndiyo, akaniamuru nimalize sahani.

Nilitaka kukupigia simu saa ileile. Bibi alikataa, akasema neno kama hili si la simu, mtandao utakatika katikati ya kilio na wewe utabaki huna mtu wa kukushika. Ndiyo sababu barua hii inaletwa na Arsène, rafiki wa Sudi anayefanya kazi kwenye treni. Usimwache aondoke bila jibu.

Nina furaha, Mama, na nina hasira ambayo sijui nimkasirikie nani. Miaka yote hii mmekuwa mkililiana, na reli ni moja. Gari la Lubutu limeondoka jana, nililipungia mkono. Nalala mkeka mmoja na Bibi, na nitakungojea naye hapa.

Msalimie Baba, na mdogo wangu Nathalie umbusu. Sudi anakusalimu, na mkewe, na watoto wote. Bibi peke yake hakutuma salamu. Nilipomwuliza nikuandikie nini kwa jina lake, alisema salamu ni za watu. Mtoto hatumiwi salamu. Aliniambia nikuulize neno moja tu, na tangu Ijumaa hajauliza lingine: “Alishakula?”

Ni mimi mwanao,
Émilienne