Kifaa Kilicholia Kizuizini

MAELEZO YA SHAHIDI

Ofisi ya polisi, Mulekera, Beni. Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Jina: Masika Tamar. Umri: miaka 53. Kazi: mpishi na msaidizi wa muuza miwani. Makazi: Kimemi, Butembo. Shahidi ameapa kusema kweli.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Familia haijui kwamba niko hapa. Nimekuja kwa ajili ya Paluku Gracien, fundi wa umeme wa magari, ambaye mmemfunga kwa neno bombe, yaani bomu. Marehemu Kambale Octave ni kaka yangu wa tumbo moja. Nitakayosema hayatampendeza mtoto wake Cyrille, wala kanisa, wala mimi mwenyewe.

Kaka yangu alikuwa akipima macho na kuuza miwani ya kusomea, hasa kwa wazee, kutoka Butembo hadi Beni na Kasindi. Alitumia gari-nyumba la zamani lililotoka Ulaya kwa njia ya Kampala. Ndani mna kitanda, meza, na jiko la gesi lenye chupa yake kabatini. Kazi yangu ilikuwa kupika na kuwapanga wazee mstari. Gari lile sikulipenda. Mtu mwenye nyumba ya matofali analala ndani ya debe kwa nini? Lakini Yaya, ndivyo nilivyomwita kaka yangu mkubwa, alilipenda kuliko nyumba yake. Akiamka ndani yake chai ilikuwa ya kwanza na sala ya pili, Mungu amsamehe.

Chini ya kiti, karibu na sakafu, kulikuwa na kifaa kidogo cheupe cha kunusa gesi. Gesi ikivuja, kinalia. Tangu mwezi wa tisa kilikuwa kikisema tii, tii, kama kifaranga kilichopotezwa na mama yake, hata jiko likiwa baridi. Yaya alikifunika kwa soksi. Jumamosi tarehe 9 Novemba Gracien alikuja nyumbani, akakigeuza, akatuonyesha mwaka ulioandikwa mgongoni. Alisema vifaa hivi huzeeka. Miaka yake ikiisha kinaacha kunusa, kinabaki kulialia tu kuomba kibadilishwe. Akakitoa, akaweka kipya kilichotoka Kampala.

Yaya alitaka kiwekwe juu, karibu na saa ya ukutani, miguu ya watu isikipige. Gracien alikataa. Alisema: "Gaz ya kupika iko nzito, Papa Octave. Inashuka chini sawa maji. Ukiweka ile kintu kule juu, itanusa wakati mumeshakufa." Tulicheka sote. Kisha alichukua kibiriti cha gesi cha wavuta sigara, akakibonyeza bila kukiwasha, akakisogeza karibu. Taa ya kijani ikawa nyekundu, kifaa kikalia hata jirani akatoka nje kuuliza. Gracien akatufundisha kama watoto wa shule: "Ikilia, hapana washa kitu. Mufunge gaz, mufungue milango, mutoke inje." Mimi nilirudia maneno hayo. Yaya hakurudia, alikuwa akipiga makofi.

Jumanne tarehe 12 tuliondoka Butembo saa mbili asubuhi. Barabara ni mashimo matupu, na vyombo vilicheza kabatini njia nzima. Chupa ya gesi ilikuwa imefunguliwa. Yaya hakuwa na desturi ya kuifunga. Mnamo saa sita tulikuwa kwenye foleni ya kizuizi kabla ya kuingia Beni, na hapo kifaa kikalia.

Naomba hapa muandike vizuri. Ninyi mnajua Beni imeona nini. Kitu kikilia chenyewe ndani ya gari, hakuna anayeuliza mara mbili. Wanawake wenye ndizi walijitupa chini. Askari mmoja kijana, ambaye si wa huku, aliinua bunduki akapiga kelele kwa Kilingala: "Eloko nini wana? Bima! Bima!" Alikuwa anauliza ni kitu gani hicho, na kutuamuru tutoke. Tukatoka, mikono juu. Nikamwambia: "Chef, haiko bombe. Ni kintu ya gaz. Kulia njo kazi yake. Utuache tufunge gaz, tufungue milango." Alijibu: "Mutu asiguse mulango!" Alikuwa anatetemeka. Simchukii. Mimi pia nilitetemeka, ila sikuwa na bunduki.

Kisha alimwelekezea Yaya mtutu, akasema: "Longola yango!" Maana yake, kiondoe. Yaya aliingia peke yake, akang'oa nyaya kwa mkono, akatoka nacho. Kukawa kimya. Watu walishangilia. Askari akatuambia: "Sasa muende na amani." Tukaenda na amani.

Tulipoanza tena safari nilisema: "Yaya, ninasikia harufu." Yaya alikuwa na mafua. Alinijibu: "Ni makayabo yako ile." Kweli nilikuwa nimebeba samaki wa chumvi. Kisha nikasema tumpigie Gracien simu. Hapo alikasirika kwa aibu aliyoipata mbele ya askari: "Ile fundi ametupatisha haya mbele ya basoda! Kintu mupya, donc inalia bule! Weka mu sac yako, nitamurudishia." Nikakiweka, na chupa ya gesi ikabaki wazi. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu alikuwa yeye, nami nilimsikia.

Tuliegesha katika uwanja wa kanisa, hapa Mulekera. Yaya alipasha chakula milango ikiwa wazi, akala, akafurahi tena. Mimi nilikwenda kulala kwa shemeji yetu Abigaïl, nyumba ya jirani. Mvua ilinyesha, na Yaya alifunga madirisha yote kwa sababu ya mafua yake.

Jumatano tarehe 13, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa ninafagia uani kwa Abigaïl. Nikasikia mshindo. Sikufikiri vita wala maadui. Nilifikiri chai. Nilikimbia na fagio mkononi. Paa la gari lilikuwa limeangukia ua wa kanisa, na miwani ya wazee ilikuwa imetapakaa matopeni, mingine mizima kabisa. Yaya alikuwa bado anapumua. Aliniuliza: "Tamar, nani amezima taa?" Nikamwambia umeme umekatika, utarudi. Alifariki kabla hatujafika hospitali.

Watu walikuwa wameshasema ni bombe. Siku hiyo nilikuwa ninaosha maiti ya kaka yangu, sikuwa na nafasi ya kubishana na mtaa mzima.

Alhamisi tulimzika. Msalaba wake umeandikwa kwamba aliuawa na maadui wa amani. Tulipotoka makaburini, Gracien alifika matangani kwa pikipiki kutoka Butembo, mweupe kwa vumbi, na mfuko wa sukari mikononi. Hakukaa. Aliuliza mbele ya watu wote: "Ile kintu, haikulia?" Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Niliposikia kelele na kutoka, Cyrille alikuwa ameshamkamata shati: "Munasikia? Alijua italia! Yeye njo aliiweka!" Polisi walimchukua akiwa bado ameshika sukari yetu.

Lile lilikuwa swali la fundi, tena fundi mwenye uchungu. Jibu lake ninalo mimi, na naomba aambiwe. Kililia. Kililia kwa wakati wake, na sisi tukakinyamazisha.

Jana jioni nilimwambia Cyrille haya yote. Akaniambia mimi shangazi yake: "Tantine, unapenda batu baseme papa alijiua juu ya chai?" Huku kwetu aliyeuawa na adui analiliwa na mji mzima, na mchungaji anapaza sauti. Aliyekufa kwa chai, watu wanamzika huku wanatazamana. Ninajua nitakachokisikia nikirudi nyumbani. Lakini Yaya ameshazikwa, hakuna wa kumtoa. Gracien yuko hai, na mke wake Précieuse amekaa nje ya ofisi hii tangu alfajiri na sahani ya chakula iliyofunikwa. Nilimpenda kaka yangu. Inaniuma kusema kwamba mkono ulioung'oa uzima wetu ni wake, lakini ni wake.

Kifaa nimekuja nacho. Polisi wa mlangoni alipoona nyaya alirudi nyuma, akaniamuru nikiweke mbali, chini ya mikaratusi. Kiko pale kinalowa. Naomba kipimwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyabeba katika mfuko wangu. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa ni yangu, na sikushurutishwa na mtu.

(Sahihi) Masika Tamar

MAANDISHI YA OFISA

Mimi, Mbuyi Valentin, ofisa mpelelezi, nimeandika maelezo haya kama yalivyosemwa. Kwa ombi la shahidi, kifaa kilifutwa maji na kuunganishwa na betri ya pikipiki ndani ya ofisi yangu. Mlango na dirisha vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya mvua. Taa ya kijani ilipotulia, nilibonyeza kibiriti cha gesi bila kukiwasha. Kifaa kililia kwa nguvu. Polisi wawili walikimbia.

Mshukiwa Paluku Gracien yuko mahabusu, nyuma ya ukuta wa ofisi hii. Hakuna aliyemwambia kwamba tunafanya jaribio. Aliposikia mlio alianza kupiga ukuta kwa ngumi na kuita: "Hapana washa kitu! Mufunge gaz! Mufungue milango, mutoke inje!" Aliita hivyo mara nyingi, mpaka sauti ikamkauka. Kufunguliwa yeye mwenyewe hakuomba.

Shahidi alilia. Tulifungua mlango na dirisha, na baada ya muda kifaa kikanyamaza chenyewe.

Nimepeleka maelezo haya kwa mkubwa wangu, pamoja na ombi la kumwachilia mshukiwa. Hadi ninapotia sahihi, jibu halijafika, na mke wake bado yuko nje.

(Sahihi) Mbuyi Valentin