Kwa Baba, Fundi Mizani Aliyefunga Miezi Saba

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba, na ni siku kumi na moja tu tangu tujue kwamba safari yako uliijua mapema ukatunyamazia. Tulikuwa tumeshaandika tangazo zuri la kukukumbuka, lenye maua pembeni na ile picha yako ya tai nyekundu. Mama amelichana. Hili ni la pili, na yeye mwenyewe amekaa hapa mezani anatusimamia tunavyoandika. Kwa hiyo ukikuta neno linalokukwaruza, ujue limetoka kwake na sisi tumelikubali.

Tuanze na yale ambayo hata Mama aliyekununia hayakatai. Ulikuwa mchapakazi. Miaka kumi na tisa kwenye kile chumba nyuma ya mashine ya kusaga, wewe na mwenzio uliyempa jina la Bisibisi, mkitengeneza mizani za dukani, mizani za magunia, hata zile za kupimia watoto wachanga. Mwenye duka aliyepunguza jiwe la kilo kwa tupa alikuwa akikuona tu unakatiza barabara anaanza kukohoa. Ulikuwa humfokei. Ulilishika lile jiwe kiganjani, ukalipima hivi na hivi, ukamwambia, "Ndugu yangu, hili limekonda, lilishe." Tulicheka sana nyumbani ulipotusimulia.

Mizani kubwa mlizijaribu kwa mwili wako. Yale mawe mazito ya kupimia yaliazimwa zamani hayakurudi, na wewe ulikuwa na kilo sabini na nane, haziongezeki hazipungui, uwe umetoka harusini au umeshinda na chai. Bisibisi akimaliza kukaza mizani ya magunia alikuwa akiita, "Sabini na Nane, panda!" Unapanda, mshale unakwenda palepale, kazi imekwisha. Mtaa mzima ukakuita hivyo. Hata mchungaji aliwahi kukuita Sabini na Nane katikati ya ibada, kanisa likaangua kicheko, na wewe ukacheka kuliko wote.

Ulikuwa mcha Mungu pia, hilo nalo limepitishwa. Uliimba sauti ya nne, ulifagia kanisa bila kuandikwa zamu, na zulia la upande wako wa kitanda lina matundu mawili ya magoti. Ulikuwa ukitumenyea chungwa kwa mzunguko mmoja ganda lisikatike, kisha unatugawia sisi watatu sawa kwa sawa, maana kwako hata chungwa lilikuwa na kipimo chake. Ndiyo maana tulikuamini. Mtu wa namna hiyo nani angemchungulia?

Basi ukaanza kufunga. Ulisema ni kwa ajili ya kitinda mimba wako, apate nafasi ya chuo cha uuguzi. Jumatano na Ijumaa kwanza. Ukaongeza Jumatatu. Baadaye ikawa hata siku za kula unakunywa uji mwepesi tu, na tukikusogezea chakula kigumu unasema tumbo la mfungaji haliamshwi kwa kishindo. Mama akajivuna jamani! Alitukataza kutafuna mbele yako. Alifunika vyungu ili harufu isikutie majaribuni. Akaona haitoshi, akaanza kufunga na yeye, mkawa mnakaa sebuleni mchana wa Ijumaa mmekauka midomo, yeye anamwombea binti yake na wewe unamtazama.

Shangazi, dada yako, alikuja siku moja akakuangalia mara mbili. Ulipotoka akamwambia Mama, "Wifi, ndugu yangu amekonda."

"Wifi, huko siko kukonda," Mama akamjibu. "Hayo ni maombi yanamsafisha."

"Maombi gani yanayotoa mashavu?"

"Wewe funga hata siku mbili, ndiyo uje unifundishe."

Wakakasirikiana wiki tatu. Shangazi aliona kwa dakika tano kitu ambacho mkeo hakukiona kwa miezi, kwa sababu yeye hukumdanganya kwa jina la Mungu.

Kitinda mimba alipata chuo. Tulisimama kanisani kutoa shukrani, Mama akasema mbele za watu kwamba mume wake amemfungia binti yake mpaka mbingu zimefunguka. Ulikuwa umekaa benchi la pili. Uliinamisha kichwa, na sisi tukasema, oneni unyenyekevu.

Wiki mbili baadaye ukaanguka kazini asubuhi, fundo la kamba ya aproni bado halijakaa vizuri. Hospitali wanakopelekwa wagonjwa wote wa mtaa wetu, daktari ambaye hakuwahi kukuona akatuambia ni uvimbe wa kooni na umeshasambaa. Siku nne ulilala huwezi kutamka neno. Mama alikuuliza, "Ulikuwa unaumwa, baba watoto?" Ukamshika mkono ukafumba macho. Akadhani umechoka.

Sasa sikiliza mkeo aliishije mwaka huu, maana wewe uliondoka ukidhani umemwachia amani. Hakuwa akikulilia tu. Alikuwa akijishitaki. Alikuwa anasimama jikoni na sufuria mkononi anasema peke yake, "Nimelala naye kitanda kimoja, sikuona. Sahani nilikuwa naiondoa mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze Jumatatu." Tulimwambia Mama kwamba hata Baba mwenyewe hakujua, ugonjwa huo huja kimyakimya. Anatikisa kichwa. Chakula kikawa hakipiti. Magauni yakaanza kumning'inia, na kila aliyemwambia ale alimjibu kwamba yeye alimshindisha mumewe njaa, atashibaje?

Hiyo ndiyo habari tuliyokuwa nayo mpaka siku kumi na moja zilizopita, Bisibisi alipotuma ujumbe kwamba anahama kile chumba, Mama aje achukue vitu vyako. Mama akaenda na mimi, kifungua mimba wako ninayeshika kalamu hii. Kulikuwa na miwani yako, redio ndogo, na mkanda wa suruali wenye matundu manne mapya, yametobolewa kwa keekee, safi kabisa, kazi ya fundi. Mama akauzungusha mkanda vidoleni. Aproni ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango. Alipousukuma mlango ili aitungue, akaona chaki, mwandiko wako.

Sabini na nane. Sabini na sita. Sabini na nne. Zinashuka hivyo mpaka chini karibu na bawaba, sitini na moja, na kila moja ina mwezi wake. Mke wa fundi mizani haambiwi namba ni nini. Hata hivyo aliuliza.

"Shemeji, huu uzito wa nani?"

Bisibisi akaweka chini boksi alilobeba. "Shemeji, kaa kwanza."

"Nimekuuliza nikiwa nimesimama. Nijibu nikiwa nimesimama."

Akamweleza. Kwamba siku moja alikaza mizani ya magunia ya mwenye mashine, akakuita upande, mshale ukagota sabini na nne. Akaifungua upya. Akabadili springi. Ukapanda, sabini na nne. Akaifungua mara ya tatu, anaitukana kabisa, mpaka ukamshika bega ukamwambia, "Bisibisi, ifunge. Mizani ni nzima. Kibovu ni mimi." Alikuwa anasimulia huku anafuta mikono kwenye kitambaa ambacho hakikuwa na cha kufuta.

"Ukampeleka hospitali?"

"Mara mbili. Ile ya mbali, asije akaonekana."

"Walisemaje?"

"Walisema amechelewa. Chakula kilikuwa hakipiti tena, shemeji, tangu mwanzo kabisa. Akaniapisha. Alisema ameshapata sababu ya kutokula ambayo hutaiuliza."

"Mimi nilikuwa wapi mlipokwenda?"

Bisibisi akaangalia sakafu. Si mtu mbaya, Baba, na alistahili swali jepesi kuliko hilo. "Ulikuwa umefunga," akasema. "Ilikuwa Ijumaa. Ulikuwa unamsaidia kufunga."

Mama akakaa. Si kwenye kiti, alikaa juu ya mizani yenyewe, na mshale ukaruka. Akauliza kwa nini. Bisibisi akasema ulimwambia kwamba mkeo ameuguza mama yake miaka minne, hajapumzika hata mwaka, na hukutaka nyumba igeuke wodi tena.

"Nani alimwambia nimechoka?" Mama akapaza sauti, watu wa mashine wakachungulia. "Alinisikia nikilalamika? Mama yangu nilimuuguza, nikamuosha, nikamlisha kwa kijiko, na siku anakufa tulikuwa tumeshaongea yote. Yote! Sina deni naye la neno hata moja. Huyu je? Amenifungia nje ya kifo chake kama mpangaji!"

Nyumbani akageuza picha yako ikatazama ukuta. Tukaitwa wote. Mdogo wangu wa kiume, unayemjua kwa kukutetea, akasema, "Mama, alifanya kwa upendo." Mama akamjibu kwamba upendo haumwachi mtu ajione muuaji mwaka mzima. Kitinda mimba yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi, anajifunza kulisha wagonjwa wasioweza kumeza. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na nilipomfuata akaniambia, "Dada, alifunga kwa ajili yangu au alinisingizia?" Nikakaa naye pale kwenye ngazi. Kama unalo jibu, huyo ndiye wa kumtokea ndotoni kwanza.

Na sisi tumekasirika, Baba. Tunasema wazi. Wewe uliyekuwa humsamehe mtu gramu hamsini za sukari ulitupunja miezi saba. Mama amesema katika tangazo tuandike mchapakazi, tuandike mcha Mungu, tuandike mpenda watoto, ila mkweli tuliache. Tumeliacha.

Wanakwaya walikuja juzi kwa nia njema wakapendekeza siku ya kumbukumbu yako tufunge na kuomba. Mama aliwashukuru, akawaambia, "Katika nyumba hii siku hiyo hafungi mtu. Anayekuja aje na tumbo lake."

Kisha akamtuma mdogo wangu kwa Bisibisi na agizo ambalo hatukulielewa: alete mlango. Si aproni, si redio, mlango. Bisibisi hakuuliza. Aliufungua bawaba, akauleta kwa mkokoteni pamoja na mizani ya magunia, na sasa umeegemezwa chumbani kwenu upande wa zulia lako. Mama akatuita, akamwita na Shangazi, akavua viatu, akapanda mizani mbele yetu sote.

"Someni kwa sauti," akasema.

Hamsini na tisa. Mwaka jana alikuwa sabini. Shangazi akaziba mdomo.

"Mmeona?" Mama akasema. "Mimi sifichi. Sikumuua mtu, nilidanganywa, na nimekonda bure." Akachukua chaki akaandika hamsini na tisa chini ya sitini na moja yako, na mwezi wake. Halafu akavuta kiti, akapakua sahani, akala mpaka akaongeza, na sisi tumesimama tunamtazama kama watoto walionyimwa. Shangazi ndiye aliyekumbuka kutuambia tukae nasi tule. Kabla ya kulala Mama aliigeuza picha yako ikatazama chumba, akaiambia, "Usifurahi. Nataka uone ninavyoshiba." Atapimwa tena mwezi ujao, na namba itaandikwa.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado amekununia na bado analala upande wake wa kitanda. Na binti yako kifungua mimba. Na mwanao anayekutetea hata asipoulizwa. Na kitinda mimba wako, muuguzi uliyemnyima mgonjwa wake wa kwanza. Na dada yako, aliyeona. Na mwenzio Bisibisi, ambaye Mama amemkata kwenye orodha hii mara mbili na kumrudisha mara tatu.

Daima tutakukumbuka, Baba: zile kilo sitini na moja tulizozika, na zile kumi na saba ulizotuficha.