Shimo Lililogeuka Kilima

Mjukuu wangu Nekesa,

Nakusalimu kutoka Bungoma. Mama yako yuko Bokoli, ameshavuna maharagwe. Mimi, nyanya yako ingawa nina miaka ishirini na saba tu, kwa kuwa ni shangazi wa mama yako, bado ni karani wa vipimo na bado ni mwoga.

Umeuliza kama ukatae mafunzo ya upimaji wa maeneo ya kale hapo Kitale, kwa kuogopa kuharibu mashine. Nikusimulie yangu.

Tulikuwa Kiminini na mwalimu wetu wa upimaji, kwenye shimo la mviringo ambamo watu wa zamani walilaza ng'ombe. Kesho yake trekta ingelisawazisha; vipimo vyetu tu ndivyo vingebaki. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kupimia, nikiilenga fimbo yenye kioo aliyoishika mwenzangu Wafula. Tulipofungua ramani kwenye tableti jioni, katikati ya shimo palikuwa na kilima.

"Ati tumegundua mlima, bana," Wafula akacheka.

Mwalimu hakucheka. Giza lilikuwa linaingia, na kurudia hakuwezekani.

Nikasema, "Samahani, mwalimu. Wafula si alirefusha fimbo alipokuwa chini shimoni, ili ionekane? Mashine haikuambiwa, ikadhani ardhi ndiyo imepanda."

Mwalimu akaingiza urefu mpya wa fimbo. Kilima kikazama mbele ya macho yetu, na upande wa mteremko likatokea pengo: mlango wa ng'ombe! Nilirukaruka.

"Karani, tulia," mwalimu akasema, huku akitabasamu.

Mwoga hukumbuka kila kilichoguswa, Nekesa. Nenda, kisha uniandikie umeona nini.

Nyanya yako,
Nasimiyu