Nakuja, Nikiwa Natoka

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umegombana na watu wachache tu wiki hii. Mimi mwili hauna neno. Kazini ndiko kulikochafuka.

Nilikuandikia juu ya yule mzee ninayemhudumia huku ughaibuni kwenye nyumba ya wazee, mwalimu wa hesabu mstaafu, miguu yake dhaifu. Juzi nilitoka chumbani kwake kumchukulia shuka safi. Nikavuka mlango nikisema kwa Kiingereza, "I'm coming," kama tunavyosema nyumbani "nakuja" tukiwa tunatoka. Mimi natoka, yeye kasikia naingia! Akainuka kunipokea. Kengele ya chumba kingine ikanichelewesha, na msimamizi akamkuta ameng'ang'ania fremu ya mlango, anatetemeka.

Sasa naitwa mwongo. Mwisho wa mwezi nitahojiwa. Nikishindwa, kazi hii ya majaribio inakatishwa, na ile likizo ya kuja kuwaona imekwenda na maji. Baba, wewe uliyesoma vitabu vyao, nilikosea wapi?

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima, ila mashine yangu ya chapa inakohoa kuliko mgonjwa. Nimegombana na wanne, na wote walistahili.

Swali lako kwanza. Kwa Kiingereza, "come", yaani kuja, humfuata unayesema naye: unaelekea aliko. Akikuita nawe uko jikoni, unajibu "I'm coming", hata kama bado hujaweka sufuria chini. Ukimpa kisogo, neno hilo halifai tena. Sema "I'll be back", utarudi. Hapo umekosea, sikufichi. Lakini mwongo? Nani kawaambia? Wao kwenye neno hilo wanatazama miguu, sisi tunatazama nia. Anayesema "nakuja" huku anatoka ameweka neno lake rehani! Nimemwandikia msimamizi wako kurasa nne za Kiingereza, zimo humu kwenye bahasha. Mpe azisome akiwa amekaa.

Siku ulipoondoka ulisimama mlangoni na begi ukasema, "Nakuja." Mama yako mpaka leo hafungi komeo la juu. Nimegombana naye pia. Huyo ni wa tano.

Usiwapigie magoti.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Na komeo je?

Kurasa zako nne sikuzitoa. Usipasuke kwanza, soma. Kwenye mahojiano nilisema tu kwamba neno nilikosea, nimejifunza, na shuka nililileta. Msimamizi akaguna, "Kila mtu husema hivyo." Ndipo yule mzee, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu, akagonga meza kwa fimbo.

"Kiingereza chake kibovu," akasema. "Lakini alirudi. Nyinyi mnaniambia mtarudi sasa hivi, Kiingereza safi kabisa, halafu sahani ya chai ya asubuhi inanitazama mpaka jioni!"

Msimamizi akaandika kitu, akakifuta, akaandika tena.

Nimethibitishwa kazini, Baba. Likizo nimepewa. Jana nilipokuwa natoka chumbani kwa mzee nikasema, "I'll be back," sawasawa kama ulivyonifundisha. Akanuna. "Hilo wanasema wote," akaniambia. "Sema lile lako."

Mwanao


16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kwa hiyo kurasa zangu nne zimeshindwa na sahani moja. Msalimie huyo mzee, mwambie ana bahati tuko mbali, ningemtafuta tubishane.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Mama yako aliinuka, akachukua mafuta ya cherehani, akapaka bawaba za mlango, ya juu na ya chini, akaufungua na kuufunga mpaka ukaacha kulia. Mimi nilikuwa na la kusema, nikalimeza. Andika tarehe hiyo, haitatokea tena.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Baba yako