Taa za Ibada ya Alfajiri

Jumatatu, 7 Aprili

Ngao ya mbele ya gari imekubali matundu mawili. Keekee ya mkono, taratibu, mafuta kidogo ili chuma kisiungue. Mvua ilinikatiza mara mbili. Chai nimekunywa nikiwa nimeegemea bampa. Tangu mke wangu, Mama Neema, afariki sioni haja ya kukaa mezani.

Taa hizi mbili za ziada nazifunga mwenyewe. Fundi wa Sombetini, kule mjini, angemaliza kwa asubuhi moja, lakini mafundi wengi huunganisha taa moja kwa moja kwenye swichi, na swichi huyeyuka. Tena sina haraka. Pasaka ni tarehe ishirini. Alfajiri hiyo, kama kila mwaka, nitawashusha bibi wa huku juu kwenda kanisani, gizani, kwenye tope na ukungu. Taa za kawaida zimefifia mno. Mwaka jana sikuiona kona ya mtoni mpaka nilipokuwa ndani yake.

Niandike ukweli. Gari hili ndilo linaloleta watu kwangu. Nyumba ya mwisho kabla ya msitu haina wa kuigongea bila sababu.

Jumatano, 9 Aprili

Rilei. Ni swichi inayoamriwa na swichi nyingine. Kidole chako kinatuma umeme mdogo. Umeme mkubwa unapita njia yake fupi, kwa waya mnene, kutoka betri hadi taa. Fyuzi inakaa karibu na betri, si karibu na taa. Waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyo mwisho wa safari haikusaidii kitu. Haya niliyafundisha Kidato cha Tatu miaka mingi. Leo nimeyaeleza kwa sauti mbele ya boneti iliyo wazi.

Hakuna aliyepita.

Ijumaa, 11 Aprili

Zimewaka. Lakini ni aibu tupu. Nilingoja giza liingie na ukungu ushuke, nikabonyeza swichi. Kilichotoka ni mwanga mchovu, kama wa taa iliyo nyuma ya chandarua.

Bibi Anaeli, jirani yangu wa chini, alipiga kelele kutoka uani kwake. "Mwalimu! Zima hayo mambo yako! Kuku wangu wanashuka, wanadhani kumekucha!"

Ana miaka zaidi ya themanini na hajaacha utani. Nimekasirika. Nimezima.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeanza upya, kama inavyopasa. Kwanza waya wa hasi. Mafundi wengi huufunga juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Nilikuwa nimefanya kosa hilohilo. Nimekwangua mpaka chuma kikang'aa, nikafunga tena. Hakuna tofauti. Nimeleta mita ya kupimia umeme. Taa zinapata karibu kila kitu kinachotoka kwenye betri. Hakuna kinachopotea njiani.

Kwa vipimo hakuna kosa. Kwa macho hakuna mwanga. Basi taa zenyewe ni feki. Jumatatu nazirudisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefungua taa moja, nimeteremka nayo mjini, Kaloleni, kwenye duka la vipuri nilikoinunua. Mwenye duka anatoka Kilimanjaro, kwa hiyo kila mtu humwita Mangi. Nilimwambia ameniuzia mshumaa.

"Mwalimu, shikamoo kwanza," akasema. "Ugomvi baadaye."

Aliweka taa juu ya meza, akaigusisha kwenye betri na kuielekeza ndani ya duka. Watu wote waligeuza nyuso. Mama mmoja alijifunika kwa kanga. "Mangi, unataka kutupofusha?" Mwanamume mlangoni akasema hiyo ni ya kuitia ndege uwanjani.

Nilikuwa nimesimama mbele ya taa. Niliona duara la njano, na pembeni kama moshi.

Mangi akazima, akanitazama. Hakutania tena. "Mzee wangu," akasema polepole, "leo umekuja na gari?"

Nilisema nimepanda Noah ya abiria. Uongo. Gari nilikuwa nimeliacha nyuma ya soko.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Sijagusa kitu.

Niliwaambia wanafunzi: sakiti ikiwa sawa na jibu likiwa baya, kagua kipimo. Kipimo ni mimi.

Nimefunga jicho moja moja nikitazama balbu ya sebuleni. La kulia, njano. La kushoto, ukungu. Baba alikuwa hivihivi. Mtoto wa jicho.

Naogopa. Si hospitali ninayoiogopa. Naogopa Pasaka.

Alhamisi, 17 Aprili

Niliamua kunyamaza na kuwashusha tu. Njia naijua, nikajiambia. Taa nimeirudisha mahali pake.

Mchana, mvua ilipokatika, nilijaribu kona ya mtoni nikiwa peke yangu. Nilikwenda polepole. Nilidhani ukingo uko mbali bado. Gurudumu la kushoto likazama, gari likalala upande, nikasikia mawe yakianguka majini. Nilirudi nyuma kwa gia nzito. Kisha nilikaa. Nilikuwa nahesabu bibi ambao wangekuwa kwenye viti.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeshuka kwa miguu hadi kwa Bibi Anaeli. Alikuwa anamenya ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa basi, usisimame kama mgambo."

Nilimwambia kesho sitaendesha. Macho yamekwisha. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, ya lenzi na mwanga. Hakuyahitaji.

"Tunajua," akasema.

"Mnajua nini?"

"Mwaka jana ulitupitisha katikati ya migomba ya mzee wa kanisa, ukasema barabara imehamishwa. Mwaka juzi ulikipigia honi kisiki. Ukakisalimia."

"Na mkapanda tena?"

"Tungekuacha ushuke peke yako?" Akatupa ganda. "Wewe ulidhani tunaimba vile kwa furaha ya Pasaka. Tuliimba tusisikiane tunavyolia."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza. Miaka yote nilidhani nawabeba. Nimerudi nyumbani na aibu ambayo sijui niiweke wapi. Kesho watashuka kwa miguu yao. Kukipambazuka nitafuata nyuma, kama nitaweza.

Nimempigia binti yangu Neema, yuko Mwanza. Nimemwambia yote. Amesema baada ya sikukuu atakuja tuende kwa daktari.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilikuwa nimevaa tayari, nimekaa tu kitandani. Mlango ukagongwa.

Bibi Anaeli na wenzake wawili. Tochi moja, fimbo tatu, matope mpaka magotini. Kanisa liko chini. Nyumba zao ziko chini. Walikuwa wamepanda.

"Vaa koti," akasema. "Kuna baridi."

Tulilipita gari. Alinishika mkono akawa ananitajia njia: jiwe, mzizi, maji, jiwe tena. Tulikwenda polepole sana. Tulifika ibada imeshaanza, na watu wakatusogezea benchi.

Kurudi, kila mmoja aliishia kwenye kijia chake. Kipande cha mwisho nilipanda peke yangu, nikisimama kila pumzi ilipokata. Mlima ulio juu ya msitu ulikuwa wazi leo, mpaka kileleni; Bibi Anaeli aliniambia hivyo tulipoagana. Nilisimama nikautazama. Niliona weupe tu.