Msichana Niliyemwita Fagia

Jumamosi, 3 Mei

Nimetoka soko la Gikomba saa nne, nikanawa miguu kwa ndoo ya jirani, nikavaa viatu vya heshima, nikawahi darasa. Chuo chetu kiko mtaa wa Umoja, juu ya duka la dawa, na ngazi zake ni nyembamba kama roho ya mchoyo. Cheti cha usimamizi wa biashara, Jumamosi tu. Wanafunzi kumi na wanane. Mimi ndiye mzee, wananiita Mathe, yaani mama, na ndiye mrembo.

Mwalimu Nduta ametupa fomu ya maswali matatu. Unaionaje biashara. Unahitaji kujifunza nini. Ukimaliza unataka kufanya kazi gani. Anataka kujua atufundishe nini muhula ujao. Nimechungulia za wenzangu. Meneja, meneja, meneja wa benki, meneja. Brayo, yule wa tai, ameandika mkurugenzi mkuu. Wa nini? Hajasema. Sasa nani atabaki kusimamiwa?

Swali la pili nimejibu neno moja: Hakuna. Miaka ishirini na miwili nauza mitumba ya kike Gikomba. Nimemvalisha mke wa mchungaji na nikamvalisha mama mkwe wake siku hiyohiyo, wote wakarudi. Nifundishwe nini? Ukweli, na huu ni wa daftari hili tu: shule niliachia kidato cha pili, na sentensi ndefu hunitoa jasho. Lakini fomu si mahali pa kulia.

Wakati wa chai nikapanga darasa zima kama ninavyopanga nguo bale, lile robota la mitumba, ikifunguliwa. Brayo kamera, yaani nguo ya kwanza, ile ya kugombaniwa. Wawili wakawa sekondi, daraja la pili. Kuna msichana wa nyuma, Mwende, hasemi, sweta lake limetoa nyuzi kwenye kiwiko. Nikasema huyu ni fagia, ile ya kumwagwa chini jioni watu wajichagulie. Watu wakashika mbavu. Hata yeye alicheka kidogo.

Nina kipaji.

Jumamosi, 10 Mei

Mwalimu ametugawa wawili wawili. Kila jozi ieleze biashara moja ya kweli mbele ya darasa tarehe 31. Lazima wote wawili waseme. Mmoja akikosa, jozi nzima inarudia muhula.

Nilitaka Brayo. Nimepewa Mwende.

Ameniuliza kwa sauti ya sindano kama anaweza kuja kuona kibanda changu. Nikamwambia aje Alhamisi, nafungua bale, ataona mambo. Nimeshawaambia akina mama wote wa mstari wetu wa vibanda kwamba cheti nitakitundika kibandani mwezi wa nane. Nimeshanunua na fremu. Kurudia muhula ni aibu ya kuhamia soko lingine.

Alhamisi, 15 Mei

Bale ya magauni. Mwende alifika kabla yangu. Amekaa juu ya magunia yaliyokunjwa, daftari na kalamu mkononi, macho kama ya askari wa lango.

Nikakata kamba. Wateja wakainama wote pamoja, mikono mbele. Huo ndio wakati ninaoupenda duniani. Bale huja imefungwa kutoka ng'ambo, hakuna anayejua yaliyomo, hata mimi niliyeinunua. Ndiyo maana kuna sheria kwa mstari wetu: hutaji bei wala daraja, hadi mkono uguse gunia la chini, kitako cha bale. Nzuri hupenda kulala chini. Anayeanza kupiga kelele akiwa juu juu ni mgeni, na tunamcheka.

Jirani akauliza huyo msichana ni nani. Nikasema, kwa sauti yangu ya kuuzia, "Huyu ni fagia yangu ya chuo, ananisomea." Mstari mzima ukacheka.

Mwende akafunga daftari. Nikaona. Nikaendelea kuuza.

Jumamosi, 17 Mei

Hakuja darasani.

Labda homa.

Jumamosi, 24 Mei

Hakuja tena. Simu haishiki. Mwalimu Nduta amesema akikosa ya tatu anafutwa kwenye orodha, na mimi narudia. Alisema bila hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Brayo akaniambia kwenye ngazi, "Mathe, si ni wewe ulimmwaga? Fagia hairudi kwa bale." Watu wakacheka. Utani ulikuwa wangu mwenyewe, umerudi na meno.

Mwanzo nilijihurumia. Fremu, aibu, akina mama. Nilipofika kituo cha matatu cha nyumbani nikawa sifikirii fremu tena. Nilikuwa nafikiria kile kicheko chake kidogo cha siku ya kwanza. Nimekiona maishani. Ni changu, cha kidato cha pili, mwalimu aliposema mbele ya watu kwamba mwenye mimba hana haja ya kalamu. Nilicheka vilevile. Kisha sikurudi.

Na mimi, mwenye sheria ya gunia la chini, nimempanga mtoto wa mtu hata kamba sijakata. Mwanabiashara wa siku mbili angefanya hivyo ningemfukuza mstarini.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya kanisa nimeenda kwao Mwende, mtaa wa Lucky Summer. Mwalimu alinielekeza. Nilibeba gauni la kamera, la buluu, jipya kama halijawahi kukutana na mtu.

Mamake alikuwa mlangoni anasuka kikapu cha kiondo. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Ni wewe yule wa fagia?"

"Ni mimi, mama."

"Ingia. Chai iko."

Hiyo chai ilikuwa adhabu. Ya maziwa mengi, na mkate umepakwa siagi pande zote mbili.

Mwende akatoka chumba cha ndani. Nilikuwa nimejiandalia utani wa kuanzia. Nikautoa. Ukaanguka sakafuni, hakuna aliyeuokota. Nikampa gauni. Akaligusa mshono, akanirudishia.

"Hili ni la mteja, Mathe."

Basi nikasema nilivyopaswa kusema tangu mlangoni. Kwamba nilikosea. Kwamba nilimpanga kabla sijamfungua.

"Mara mbili," akasema.

"Mara mbili."

Kiondo cha mama kiliendelea, uzi juu, uzi chini. Kisha Mwende akaenda akaleta lile daftari.

Sijui niandikeje. Amekaa kibandani kwangu asubuhi moja tu. Amechora kibanda chote, hadi msumari ninapotundika gauni jekundu, na mshale kuonyesha wanaotoka upande wa mto huliona kwanza. Mimi huwa nalitundika hapo kwa sababu msumari uko hapo. Ameandika kwamba mteja akishika nguo kwa vidole viwili namwita msupa, yaani mrembo, akiinusa namwita fundi, na kwamba sijawahi kukosea. Sikujua nafanya hivyo. Miaka ishirini na miwili mdomo wangu unajua kitu, haujaniambia.

Halafu ukurasa wa mwisho. "Wanaocheka hawanunui. Wanaonyamaza ndio wananunua. Lakini wanaocheka huziba njia, kwa hivyo wanaonyamaza hulazimika kusimama."

Nimeusoma mara tatu, polepole, kidole chini ya maneno, mbele yao wote wawili. Sikuona haya. Nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mifupa yake. Kazi yangu ina mifupa, na mtoto wa sweta lililotoka nyuzi ameiona.

Nikamuuliza kama atakuja tarehe 31. Akasema ataangalia.

Sikubembeleza. Ni kazi ngumu kuliko kubeba bale.

Jumamosi, 31 Mei

Saa tano, hayuko. Brayo na mwenzake wamewasilisha duka la simu la mjomba wa Brayo, vizuri, si uongo. Saa tano na nusu, hayuko. Mwalimu akashika kalamu juu ya orodha.

Mlango ukafunguka. Sweta lilelile, kiwiko kimeshonwa.

Nilisema yangu kwa dakika mbili, bila utani. Darasa likashangaa, likadhani naumwa. Kisha yeye. Alianza na sauti ya sindano, na sindano ikaingia. Akaeleza msumari, fundi, msupa, njia iliyozibwa. Brayo alilegeza tai, akaanza kuandika.

Mwalimu akamuuliza kazi anayoitaka. Nilitarajia meneja. Mwende akasema anataka kutunza stoo ya hospitali. Nyanya yake aliwahi kukosa dawa iliyokuwapo rafuni siku zote, kwa sababu hakuna aliyeiandika. Anataka kuwa mtu anayejua kilichomo ndani.

Nimewauzia watu wakubwa wa jiji hili na sijawahi kumwona aliye na urefu huo. Nilitaka kusimama. Nikagundua nimeshasimama.

Tumepita. Mwalimu alirudisha fomu za siku ya kwanza kwa anayetaka kusahihisha. Nikafuta Hakuna. Wameacha mistari miwili ya kujaza. Haikutosha, nikageuza nyuma.

Alhamisi, 5 Juni

Bale ya sketi. Mwende alipita kabla ya kwenda maktaba. Nikampa kisu akate kamba.

Mvua kidogo. Gauni jekundu liko kwenye msumari wake.

Nilitoa moja moja nikizilaza upande. Wateja wakasema, Mama, leo una nini, hata utani hakuna. Jirani akauliza kama nimeng'olewa jino. Niliendelea hadi mkono ukagusa gunia la chini. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.