Boksi Nimetengeneza Mimi, Sifa Anachukua Yeye

Mshauri wangu, nakuandikia nikiwa na hasira, na ukiniambia nitulie kabla hujafika mwisho wa barua hii hatutaelewana.

Mimi ni seremala, mume wangu anauza bima, hata rafu ya jikoni kwetu niligonga mimi yeye akinishikia misumari. Alinunua spika kubwa ya besi kwa rafiki yake fundi redio, tunamwita Waya, akaniomba nimtengenezee boksi la kuiweka kwenye buti ya gari, nami nikaacha kazi za watu siku tatu nzima, nikakata kwanza kadibodi kufuata mlalo wa kiti na yale manundu ya juu ya matairi, nikakata mbao, nikapaka gundi, nikaziba kila ufa, nikalivisha kapeti jeusi, likakaa humo bila kucheza hata kidogo. Kumbe ameshawaambia wenzake wa kazini kwamba amelitengeneza yeye. Wakaja kulisikiliza, mimi nina vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, mmoja ananiambia, "Shemeji, una bahati, mumeo ana mikono," na mume wangu anacheka tu, kisha ananigeukia, "Mama watoto, waletee wageni maji." Nikaleta, mshauri. Nikaleta na trei.

Kesho yake asubuhi alipokuwa anaoga nikachukua bisibisi. Ubao mmoja wa boksi sikuupaka gundi, niliufunga kwa skrubu chini ya kapeti ili siku spika ikiharibika pafunguke, na hilo nalijua mimi peke yangu. Nikalegeza skrubu tano. Tangu hapo besi inakoroma kama mtu mwenye mafua, na siku mbili za kwanza nilicheka sana.

Lakini mume wangu amemgeuzia kibao Waya, wiki ya pili sasa anamtangaza mtaa mzima kwamba anauza spika mbovu, na wateja wawili wameshamkimbia. Waya alikuja, akasikiliza, akasema, "Muulize aliyetengeneza boksi." Mume wangu akajibu, "Aliyetengeneza ni mimi." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Sasa amemwahidi bosi wake boksi kama hilo Jumamosi, na ananiambia niandae mbao. Niseme ukweli nionekane mbaya, au ninyamaze nitengeneze la pili?

Fundi Asiyetajwa

JIBU

Fundi Asiyetajwa, mumeo amenikera kuliko unavyodhani. Mtu anayejivika kazi ya mkewe kisha akamtuma maji mbele ya watu anastahili kuambiwa usoni. Ila wewe hukumwambia. Ulisubiri aende kuoga. Mdomo unao, ukatumia bisibisi, na aliyeumia ni Waya, ambaye hajakukosea lolote. Wiki mbili unamtazama fundi mwenzako akiharibiwa jina, nawe unanililia mimi kwamba umenyimwa lako. Ona aibu, dada yangu.

Leo hii, mchana kweupe, waite wote wawili kwenye gari. Inua kapeti, kaza skrubu zako tano wakiangalia, washa redio. Mumeo ajionee kwamba boksi "lake" linafunguka mahali asipopajua. Mwombe Waya msamaha bila kujitetea, kisha mumeo awafuate wale wateja wawili, awaambie spika ni nzima. Akifoka, mwache afoke. La skrubu ni kosa lako, likubali. La trei ni lake.

Jumamosi usiandae hata kipande cha ubao. Bosi akifika, mpe mumeo tepu na kadibodi, halafu vuta kiti ukae. Atapima, atapima tena, kisha atakutazama. Usiinuke. Muulize, kwa sauti ya kawaida na bosi akisikia, la kwanza lilitengenezwa na nani. Akijibu sawasawa, inuka ufanye kazi yako. Maji alete yeye.